Kabla Jembe Halijagusa Kaburi Lako

Mama,

Jumamosi tunakuhamisha.

Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu hukupenda mtu anayeleta habari kwa kuzunguka. Mgeni akiingia akaanza kuulizia ndizi, kuku na mvua huku macho yake hayatulii, ulimkatiza: "Sema kwanza nani amekufa, kuku watasubiri." Basi, hajafa mtu. Ni wewe unayehama, kutoka ukingoni mwa lile shimo kubwa la mawe nyuma ya nyumba hadi kule juu, karibu na mpaka wa shamba la chai. Kibali kimetoka, mchungaji ameambiwa, jeneza jipya fundi analimalizia. Kilichobaki ni wewe kuambiwa. Kwetu jembe haliligusi kaburi kabla mwenyewe hajaitwa kwa jina na kuelezwa, kwa sauti, mbele ya watu, na mtu wa damu yake. Mtu huyo wameamua niwe mimi.

Unanijua, Mama. Mimi ndiye uliyesema nakiamkia shikamoo hata kivuli changu. Ndiyo maana naandika kwanza. Nataka kuyaona maneno yamekaa chini, yametulia, kabla sijayabeba mdomoni.

Leo ni Jumapili. Nimekuja ofisini peke yangu baada ya ibada. Ukungu umeshuka Tukuyu mpaka dirishani, ule ukungu wako unaoingia bila hodi. Sioni soko, sioni barabara ya Mbeya. Nasikia tu bodaboda zikipita ndani yake, zinakuja, zinapungua, zinakwisha, kama watu wanaosahau walichotaka kusema. Siku za namna hii sina hakika ni nani kati yetu aliyeko upande wa huku.

Nyumbani wapo. Dada Bupe amerudi kukaa kwako na wanawe. Chumba chako amekiacha kilivyo, ila amelifungua lile dirisha ulilolifunga kwa sababu ya baridi. Siku hizi kila mtu anapanda parachichi. Baba Mdogo ameikata migomba yake yote ya upande wa chini akaweka miche, na kila asubuhi anaikagua kana kwamba itazaa kabla ya chakula cha mchana. Migomba yako hatukumruhusu aiguse. Ile inayokuzunguka imenenepa mno. Bupe akipika mbalaga kwa ndizi zake tunakula, halafu mmoja wetu anasema chumvi imezidi, kwa sauti yako, na watoto wanacheka bila kujua wanacheka nini.

Kazi yangu hukuwahi kuiona. Ulipoondoka nilikuwa bado nazungusha bahasha ya vyeti. Sasa ni karani wa ramani katika mradi wa maji. Watu wakiniuliza nafanya nini hasa, nasema naingiza takwimu, wanaridhika. Wewe usingeridhika. Ungesema, "Nieleze kama unavyomweleza mtu, si kama unavyomweleza mwalimu." Basi nakueleza.

Kuna setelaiti iliyopita juu ya nchi yetu ikaupima urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari, kipande kwa kipande, kila kipande kimraba kidogo kama kiwanja cha nyumba. Kila kimraba kina namba moja, basi. Humo hamna nyumba, hamna njia, hamna jina la mtu. Kuna kimo tu. Namba hizo ukizipa kivuli, Rungwe yote inajitokeza kwenye kioo, ya kijivu, laini, yenye mikunjo, kama blanketi ambalo mtu ameamka akaliacha kitandani. Mara ya kwanza kuiona nilisogeza mkono nikaigusa. Ilikuwa na joto, kwa sababu ya kompyuta.

Halafu unaiuliza maji yanakwenda wapi. Kila kimraba kinawatazama jirani zake wanane, kinamchagua aliye chini kuliko wote, kinampa maji. Huyo naye anatazama, anachagua, anampa mwingine. Hivyo hivyo, mpaka mito inajichora yenyewe bila mtu kuiambia ipite wapi. Unaweza kuliweka tone moja popote upendapo na kulifuata kwa macho likiteremka, uzi mwembamba wa buluu. Unaweza pia kuuliza kwa kurudi nyuma: maji yanayofika hapa yametoka kwenye ardhi ipi na ipi? Kompyuta inaizungushia ardhi hiyo mpaka. Tunaiita kidakio, kama mikono miwili iliyokinga mvua.

Wiki za mwanzo nilikuwa nikiyaota hayo. Ndoto yenyewe ilikuwa moja. Unatembea juu ya blanketi la kijivu, peku, kanga imefungwa kifuani. Kila hatua unasimama, unageuka taratibu kuwatazama jirani wote wanane, unachagua, unateremka. Nakuita husikii. Si kwamba umekasirika. Una shughuli tu.

Chemchemi ya Kilasi unaikumbuka, ile ya chini, walipokuwa wakichota watu wa bondeni. Bado wanachota. Kila masika watoto wa huko wanaugua matumbo, na mama zao wanawabeba mgongoni kwenda hospitali ya Igogwe, na wakipona wanarudi kunywa yale yale. Mradi ulikuja ili chemchemi ile ijengewe na kulindwa. Kabla hata ramani haijachorwa, kamati ya maji ya kijiji ilikaa ikapitisha neno moja kwa wote: ndani ya mstari mwekundu wa kidakio hakitabaki choo cha shimo, wala zizi, wala kaburi. Walinyoosha mikono. Baba Mdogo alinyoosha wa kwanza, kwa sababu alidhani mstari utapita kwa watu wengine.

Kuuchora mstari huo ilikuwa kazi yangu.

Ulipotokea mara ya kwanza uliikumbatia nyumba yetu yote. Choo cha Bupe ndani. Zizi la Baba Mdogo ndani. Na wewe. Niliweka tone juu yako, Mama. Sijui kama mtu anaruhusiwa kufanya hivyo. Niliangalia kwanza kama kuna mtu nyuma yangu. Tone liliondoka kaburini, likalivuka shimo kana kwamba shimo halipo, likateremka moja kwa moja mpaka Kilasi.

Likalivuka shimo. Hapo ndipo nilipoinua mikono kutoka kwenye kibodi.

Maji hayalivuki shimo letu. Mimi na wewe tunajua. Mvua kubwa ikikatika ulinichukua tukalala kifudifudi ukingoni, majani yameloa, tukayasikiliza maji kule chini yakiingia kwenye mawe kwa sauti ya mtu anayevuta kitu cha moto kwa ncha ya midomo. Ulisema, "Sikia, ardhi inakunywa chai." Nilidhani ikimaliza chai itatunywa sisi. Ulinishika pindo la shati, hukusema usiogope. Ulinishika tu pindo.

Nikatafuta kosa liko wapi, nikalikuta mahali pa kawaida kabisa. Kompyuta haipendi shimo. Ikikuta kimraba ambacho jirani zake wote wanane wako juu yake, maji yakiingia hayana pa kutokea, mto unakatika, hesabu inakwama. Kwa hiyo kuna hatua ambayo sote tumefundishwa: mashimo yajazwe kwanza, hadi ukingoni, ili maji yapate pa kumwagikia. Nchi nyingine hatua hiyo haina ubaya, maana mashimo mengi ni makosa ya vipimo. Lakini kwetu milima iliwahi kuwaka moto, ikaacha mashimo ya kweli, mengine ni maziwa, mengine ni vikombe vikavu kama letu. Nami nilikuwa nimelijaza letu kwa kubofya mara moja, kama nilivyofundishwa.

Nikarudia, nikaliacha shimo wazi. Mstari ukanywea kama jani la mgomba juani. Ukatuacha nje sote. Tone nililoliweka juu yako sasa liliingia shimoni na kuishia hapo.

Sijui nikuelezeje furaha ile. Mama Atupele, mhandisi wetu, bosi wangu, aliinama kwenye kioo akatazama akasema, "Sahihi. Shimo ni shimo." Habari ilifika nyumbani Lufingo kabla yangu. Nilimkuta Baba Mdogo uani ameshika jogoo kwa miguu, anawaambia watoto wa Bupe, "Mnaona? Hata kompyuta inamheshimu shemeji yangu! Shule hatukutupa hela!" Tulimla jogoo huyo. Nilipewa firigisi.

Nilikuwa naitafuna firigisi hiyo nikaisikia tena ile sauti. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na nyuma ya nyumba ardhi ilikuwa inakunywa chai.

Inakunywa, halafu inapeleka wapi?

Ramani ya miinuko inaijua ngozi ya ardhi, Mama. Koo lake hailijui. Mstari wangu wa pili ulikuwa wa haki kwa maji yanayotembea juu. Yanayozama hakuna aliyekuwa ameyauliza. Na mimi ndiye mtu pekee katika ofisi ile aliyewahi kulala kifudifudi pale.

Nilimdokezea Ambokile, dereva wetu, kijana wa Mbeya mjini ambaye hakuna kinachomtisha isipokuwa kupandishwa mlimani na tairi bovu. Alinitazama kwenye kioo cha gari. "Dogo, kausha," alisema. "Mstari umekupitia mbali, wewe unaufukuzia wa nini?" Nikakausha. Nilikausha vizuri, najua kukausha, ni kipaji changu. Hadi siku tuliyokwenda Kilasi kupima mahali pa kujenga tanki. Mama mmoja alikuwa anachota, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea, macho yameingia ndani. Alinisalimia kwa heshima nisiyostahili. Aliniita mtaalamu. Akaniuliza, "Mtaalamu, sasa yatakuwa safi?"

Kesho yake niliingia kwa Mama Atupele nikaanza sentensi katikati. Nikarudi mwanzo, nikaanza tena katikati. Alikuwa mvumilivu. Aliponielewa aliniuliza, "Una hakika?" Nikasema sina. Akasema, "Basi tuyaulize maji yenyewe."

Ipo rangi ya kijani wanayoitumia kufuatilia maji ya chini, haimdhuru mtu. Watu wa Kilasi waliambiwa wachote mapema maji ya kutosha, wasishangae. Mvua iliponyesha tuliimwaga shimoni, ikaingia kwenye mawe kwa sauti ile ile. Halafu mimi nikashuka Kilasi kukaa.

Nilikaa juu ya jiwe nikiyatazama maji. Yalikuwa maangavu hata yalionekana kama hayapo, mchanga tu ukitikisika chini kama kitu kinachopumua. Nikayaomba yabaki hivyo. Siku nzima nilikuwa nayaomba. Wakati mwingine nilisinzia macho yakiwa wazi, nikadhani niko ndani ya ramani, mimi ni kimraba, jirani zangu wote wanane wako juu. Kina mama walipita na ndoo zao tupu, wakacheka. "Karani, umekuja kuposa chemchemi? Ng'ombe umeleta?" Giza lilipokaribia maji yalikuwa bado safi, nikapanda kwenda kwa Bupe nikiwa mwepesi kama mtoto aliyetumwa akakuta duka limefungwa.

Asubuhi nilirudi. Kabla jua halijasimama, nikaona kivuli cha jani majini, nikainua macho kutafuta jani. Hapakuwa na jani. Kivuli kikapanuka, kikawa kijani cha chai changa jua likiwa nyuma yake, kikajaa chemchemi yote taratibu, bila fujo, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Wale kina mama wakakusanyika, mmoja akapiga kelele, "Haya, karani katupikia mchicha!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega, nami nikacheka nao. Kisha nikageuka kando, nikajifanya nanawa uso.

Kwa hiyo yale tuliyoyasikiliza, Mama, yalikuwa yanakwenda huko. Ramani ya kwanza ilifika penye ukweli kwa njia ambayo si ya kweli. Nilichora ya tatu mimi mwenyewe kwa mkono: shimo, na miteremko yote inayolimiminia, nikaviunganisha na Kilasi kwa mstari wa vitone, kwa sababu juu ya ardhi hakuna mto wowote wa kuonyesha. Choo cha Bupe ndani. Zizi ndani. Wewe ndani.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Nilishika ramani kwa mikono miwili, nikaanza kueleza. Baba Mdogo alisimama kabla sijamaliza. "Tumemsomesha mtoto," aliwaambia watu, si mimi, "ili aje amfukue mama yake." Kisha akanigeukia. "Karani mzima! Kalamu unayo, rula unayo, umeshindwa kuupinda mstari ukamzunguka mama yako?"

Niliinamia ramani yangu.

Bupe akasimama. Mtoto wake mdogo alikuwa amelala begani. "Choo changu nacho kimo," alisema, "na ndicho kibaya kuliko kaburi lolote, nakibomoa wiki hii. Baba Mdogo, Mama hakuwahi kumpa mtu maji machafu. Hata wale aliogombana nao aliwasuuzia kikombe kwanza." Watu wakaguna, wengine wakatabasamu, maana ni kweli, na wewe uligombana na wengi. Baba Mdogo alikaa chini. Halafu akasema, "Haya. Mhamisheni. Ila mimi simwambii. Aliyechora ndiye atakayemwambia." Wote wakanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Sikumbuki kuamua. Kichwa kilishuka tu.

Tangu hapo salamu yangu anaipokea kwa kukohoa. Lakini jana nilipokwenda kupaona mahali papya nilimkuta, peke yake, anafyeka. Hakuniona. Alikuwa ameshaling'oa kisiki, na akawa anapima kwa nyayo, anasimama, anatazama jua linapotokea, anarudi kupima tena ili uelekee vizuri. Alikuwa anaongea peke yake kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Nilisikia tu "ndaga", asante yetu, nikaondoka kwa kurudi nyuma.

Ni pakavu huko juu. Kuna upepo, utalalamika. Nimeweka tone pale. Halirudi Kilasi, linageukia upande mwingine, linapita chini ya chai, linaingia mtoni, linashuka mpaka Kyela kwenu, kwenye mpunga na lile joto ulilolililia tangu Baba akuoe akulete kwenye baridi. Sikupachagua kwa sababu hiyo. Nimelitazama tu, baada ya kazi, mara nyingi kuliko inavyofaa.

Sasa nikuambie ninachokiogopa, kwa sababu hapa hakuna mwingine. Siogopi watu tena, au nawaogopa kidogo kidogo. Naogopa kukubeba. Naogopa kwamba utakuwa mwepesi. Ulikuwa na uzito, Mama. Ukikaa kwenye benchi upande mmoja, sisi wa upande wa pili tulinyanyuka. Nimeomba nishike upande wa kichwa, na Baba Mdogo alipoambiwa hakukataa. Sitamwachia mtu njiani hata mikono ikifa ganzi. Na nakuahidi jingine: kila masika, popote nitakapokuwa nimeajiriwa, nitakuja Kilasi na chupa yangu kuyapima maji, nikianzia mwaka huu. Yakiwa safi nitapanda kukuambia. Yakiwa machafu nitapanda vilevile.

Ukungu umeanza kuinuka. Naliona paa la soko, jekundu, limeloa.

Lala salama hapo ulipo siku hizi chache. Haya ndiyo nitakayoyasema Jumamosi, nikiwa nimesimama kati ya migomba yako, na mchungaji nyuma yangu, na Baba Mdogo ameshika jembe. Sauti ikikatika, wewe utakuwa umeshayasikia.

Mama, ni Gwakisa. Maji yanayopita kwako kuna watoto wanayanywa. Tumekuja kukuhamisha. Hukukosea lolote. Tutakubeba sisi wenyewe, si watu wa kukodi. Inuka taratibu, nishike pindo, twende.

Mwanao,
Gwakisa